Kwa Nini Chumvi za Damu Hupimwa Kabla ya Upasuaji? Haya Ndiyo ya Kujua kwa Watu wa Delta ya Rufiji

Mgonjwa anayetoka Mbwera, Salale au Kiongoroni, kwenye delta ya Rufiji wilayani Kibiti, kwanza husubiri boti, na boti nayo husubiri maji yajae. Akifika hospitali akiwa ametapika au kuharisha siku mbili, shida si tumbo peke yake. Chumvi za damu nazo huenda zimevurugika.

Chumvi zipi?

Sodiamu husawazisha maji mwilini. Kiwango cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Potasiamu huongoza mapigo ya moyo, kawaida ni 3.5 hadi 5. Ikishuka au kupanda sana, moyo unaweza kupiga ovyo, hata kusimama, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Hatari yake

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliangalia watu wazima zaidi ya 960,000 waliofanyiwa upasuaji. Kati ya walioingia na sodiamu ya chini, asilimia 5.2 walifariki ndani ya siku 30. Kwa wenye sodiamu ya kawaida ilikuwa asilimia 1.3. Si kwamba sodiamu ndiyo iliyoua wote. Mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa moyo, ini au figo uliojificha.

Daktari hufanyaje?

Hurekebisha kwa dripu, tena polepole, maana kupandisha sodiamu haraka kunaweza kudhuru ubongo. Upasuaji wa kupangwa huweza kuahirishwa. Wa dharura, kama uzazi pingamizi au utumbo uliotoboka, hausubiri: marekebisho huendelea huku mgonjwa akiandaliwa.

Sampuli ya damu ikikaa sana au kutikiswa njiani, potasiamu husomeka juu kuliko ilivyo. Majibu ya kushangaza hurudiwa kupimwa.

Mgonjwa au ndugu aseme haya:

- Ametapika au kuharisha siku ngapi, na kama anakojoa.
- Vidonge anavyotumia, hasa vya presha vinavyokojoza.
- Mitishamba aliyokunywa.
- Kama ana tatizo la figo. Huyu asipewe madafu kiholela, yana potasiamu nyingi.

Anayeharisha tu aanze ORS hukohuko kijijini. Lakini tumbo likivimba na kukakamaa, asile kitu. Atafutiwe boti mara moja.