Maji ya Matope: Asili ya Maneno Mawili na Ushahidi wa Ekegusii

Mvua kubwa inyeshapo katika vilima vya Kisii na Nyamira, mto Gucha hubadilika rangi kwa udongo uuchukuao kuelekea Ziwa Viktoria. Kwa Kiswahili, maji ya namna hiyo huitwa maji ya matope. Usemi huu ni wa kila siku. Hata hivyo, maneno yake mawili yana historia zisizolingana.

Katika Ekegusii, maji ni amache. Mfanano huo waweza kumshawishi mtu aamini kwamba neno hili limekopwa kutoka Kiswahili. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Utawala wa Waingereza ulianzishwa Kisii mwaka 1907, na Kiswahili kikapata nguvu huko kwa njia ya ofisi, soko na shule. Ni vigumu kusadiki kwamba Wagusii walingoja karani ndipo wapate jina la maji. Tena, majirani zao wa karibu si Wabantu: Wajaluo husema pi, na Wakipsigis husema bek. Lakini Waganda husema amazzi, na Wazulu walio mbali kusini husema amanzi. Kwa hiyo amache na maji ni ndugu waliorithi shina moja la Kibantu, wala hakuna aliyemkopa mwenziwe. Kiswahili ndicho kilichoidondosha irabu ya mwanzo ambayo Ekegusii, Kiganda na Kizulu zimeihifadhi.

Matope yana njia nyingine. Neno hili halikuzaliwa pwani peke yake, kwani Wachewa wa Malawi nao husema matope. Katika Kiswahili lahusiana na kitenzi kutopea, ambacho maana yake, kuzama, imepanuka hata mtu akaweza kutopea katika ulevi au madeni. Ekegusii hutumia amaroba, neno linalojumlisha udongo na tope, lenye ndugu yake liloba katika lugha za Waluyia. Mpaka ambao Kiswahili huuweka kati ya udongo na matope haulazimiki hapo.

Basi katika usemi mmoja, neno la kwanza laonyesha undugu wa lugha hizi, na la pili laonyesha zilipoachana. Mwenye kutunga kamusi akilinganisha sauti tu, ataita mkopo kile kilicho urithi. Na akiandika kwamba amaroba ni matope bila kuongeza neno, atakuwa ameiacha nusu ya maana shambani.