Pampu Iliyotushusha Ngazini

Nilipojifunza kuosha madirisha huku Uingereza, vifaa vyangu vilikuwa ndoo, kitambaa na kifutio cha shaba cha mtindo wa Ettore Steccone, mhamiaji wa Kiitaliano wa California aliyekipatia hataza miaka ya 1930. Ulimi mmoja wa mpira, mpini mwepesi. Kwa kioo cha ndani bado sijaona chombo cha kukishinda.

Vioo vya juu tulivifuata kwa ngazi, na ngazi imeua wenzetu. Kanuni za kazi za mahali pa juu za mwaka 2005 zikaagiza kuwa kinachowezekana kufanywa kutoka chini kifanywe kutoka chini. Fito ndefu za brashi, zinazopitisha maji, zilikuwepo tayari, sasa zikaenea.

Ndipo gari likawa kisima chetu: tangi nyuma, maji yaliyoondolewa madini hadi kipimo kisome sifuri, ili yakauke bila doa. Yanasukumwa na pampu ndogo ya volti 12, na hapo nawasihi vijana wasifanye haraka. Chujio litangulie pampu, maana punje ya mchanga hukwamisha vali. Fyuzi ikae karibu na betri. Kidhibiti cha kasi ya pampu kianzie chini, kipandishwe taratibu mpaka brashi isuuze vizuri, basi. Ukizidisha, tangi na betri vinaisha kabla ya kazi. Na baridi ikija mpira wa maji hukakamaa, maji yakapita kwa shida, kwa hiyo kidhibiti kipimwe upya.