Senti nusu ya Buddy na oili chafu ya Chonyonyo

Leo siasa naziweka pembeni. Naandika kuhusu mbwa.

Nilipokuwa mdogo kule Chonyonyo, Karagwe, babu alikuwa na mbwa wa kulinda mbuzi. Siku moja akaanza kujikuna. Manyoya yakatoka masikioni, yakafuata ya miguuni, ngozi ikawa ngumu kama gome la mti. Ukurutu. Dawa? Oili chafu ya gari. Alipakwa mwili mzima, naye usiku kucha akawa anailamba. Oili ile ni sumu, lakini kijiji kizima kiliijua kama ndiyo dawa.

Sasa swali linalonisumbua: nani hulipia utafiti wa mbwa anayejikuna?

Marekani wana jibu. Mwaka 1948 daktari wa mifugo Mark Morris alianzisha mfuko ulioitwa kwa jina la Buddy, mbwa aliyemwongoza kipofu na ambaye Morris alimtengenezea chakula maalumu kwa ugonjwa wa figo. Kila kopo la chakula kile lililouzwa liliingiza nusu senti mfukoni. Leo mfuko huo ni Morris Animal Foundation. Mwaka 1995 American Kennel Club nao wakaanzisha wa kwao. Kule mwenye mbwa hulipa, mtengeneza dawa anamwona, na mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha oclacitinib, kidonge cha kutuliza muwasho wa mzio kwa mbwa. Ndiyo, mbwa naye ana mzio, wa vumbi na chavua, kama wewe na mimi!

Huku kwetu nani anunue kopo? Fedha zilikuja kwa sababu nyingine. Mwaka 1994 distempa, inayoaminika kutoka kwa mbwa wa vijijini, iliua kama theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa wa pembezoni mwa hifadhi wakaanza kuchanjwa. Kuanzia 2010 hivi, fedha za taasisi ya Bill Gates zilipitia Shirika la Afya Duniani kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania na Pemba, kwa ajili ya kichaa. Kichaa huua watu, distempa iliua simba wa watalii. Ukurutu unamtesa zaidi mbwa.

Dawa yake ikaja kwa mlango wa nyuma. Satoshi Omura alipata bakteria kwenye udongo wa Japani, William Campbell na wenzake wa Merck wakatoa dawa humo, na mwaka 1981 ivamektini ikaingia sokoni kwa ajili ya mifugo. Ng'ombe, kondoo na farasi wa matajiri ndio waliolipa. Mwaka 1987 Merck ikatangaza kuitoa bure kwa wagonjwa wa usubi, na watu wa Mahenge wakaja kuimeza. Nobel ikafuata 2015. Dawa hiyohiyo huua wadudu wa ukurutu, ila baadhi ya mbwa aina ya collie inaweza kuwaua wenyewe, kwa hiyo muulize bwana mifugo kwanza.

Likizo iliyopita nilimkuta mbwa mwingine nyumbani, anajikuna vilevile. Nikamwambia bibi dawa ipo dukani, chupa yenye picha ya ng'ombe. Akauliza bei. Nikamtajia, pamoja na nauli ya bwana mifugo.

Akacheka, akamtuma kijana kwa fundi wa bodaboda na kopo tupu.