'Ponder': Kitenzi kilichoshuka kutoka kwenye mizani

ZAIDI ya miaka ishirini iliyopita nilimnyima mwanafunzi wangu alama mbili ambazo hadi leo zinaniuma mimi kuliko zilivyomuuma yeye. Lilikuwa zoezi la tafsiri. Matini ya Kiingereza ilikuwa na kitenzi 'ponder', naye akaandika kwamba mzee fulani "aliyapima maneno ya mwanawe usiku kucha". Nikapiga mstari mwekundu chini ya 'aliyapima' na kuandika pembeni: "Kwani mzee huyu ni karani wa chai? Tumia kutafakari." Nilipoisoma sentensi hiyo mbele ya wenzake, darasa zima liliangua kicheko. Yeye hakucheka.

Miaka michache baadaye, nikitayarisha mhadhara kuhusu asili ya maneno, niligundua kwamba aliyestahili kuchekwa ni mwalimu.

'Ponder' kiliingia katika Kiingereza kwenye karne ya 14 kutoka Kifaransa cha Kale. Kifaransa nacho kilikipata kutoka Kilatini, 'ponderare', yaani kupima uzito. Nomino 'pondus' ndiyo uzito wenyewe. Ukichimba zaidi unafika kwenye 'pendere', kuning'iniza na pia kupima, maana mizani ya enzi hizo ilikuwa ya kuning'iniza. Hata Waingereza walipokichukua, kitenzi hiki hakikuanza na mambo ya mawazo. Kwanza kilimaanisha kukadiria thamani ya kitu. Ndipo kikapanda polepole kutoka mkononi hadi akilini, na kufikia mwaka wa 1611, Biblia ya Mfalme James ilipochapishwa, Mariamu anaelezwa kwa kitenzi hicho hicho akiyaweka mambo ya mwanawe moyoni.

Jamaa zake, mpenzi msomaji, tunao hata sisi. Neno la Kiingereza lililotupa 'pauni' lilitokana na 'pondo', namna ya Warumi ya kusema 'kwa uzito'. Hilo lilitangulia kuingia katika lugha za jamii ya Kijerumani karne nyingi kabla ya ndugu yake. Kwa hivyo anayetaja pauni ana binamu wa 'ponder' mdomoni, ajue asijue. Wafaransa nao wana 'penser', kufikiri, na 'peser', kupima uzito, vitenzi pacha vilivyozaliwa na mama mmoja wa Kilatini.

Sasa turudi kwetu. 'Kutafakari' na 'kufikiri' vimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, nao hauna uzito wowote ndani yake. Ni kazi ya fikra basi. Lakini chukua 'kutathmini'. Hapo ndani mna 'thamani', ambayo katika Kiarabu ni bei. Neno hilo limepita njia ile ile ya 'ponder': kutoka sokoni hadi kwenye ripoti za wataalamu. Sisemi kitu kuhusu washairi wetu, ambao huhesabu mizani 16 katika mshororo bila kubeba hata gramu moja.

Na 'kupima' je? Hiki ni cha Kibantu, cha kale mno. Tunapima kilo, tunapima shamba, tunapima damu. Pia tunapima watu: "Nilimpima nikaona haaminiki." Mtu akitaka kuropoka huambiwa apime maneno yake. Yaani mwanafunzi wangu hakuwa ametafsiri neno kwa neno kama nilivyodhani. Alikuwa ameandika Kiswahili cha nyumbani kwao, nami, kwa ule ugonjwa wetu wa kuamini kwamba neno la kitaaluma sharti lisikike la kitaaluma, nikakikataa.

Kinachonishangaza ni kwamba nilipaswa kulijua hilo tangu utotoni. Mama yangu alikuwa mchuma chai. Jioni tulibeba vikapu hadi kituo cha kununulia majani, ambako mizani ilining'inia kwenye boriti. Karani mmoja alikuwa na tabia ya kusoma mshale kabla haujatulia, na daima alisoma ulipokuwa chini. Mama hakugombana naye. Alisimama tu hapo hapo, mkono kiunoni, macho kwenye mshale unaoyumba, na foleni nzima nyuma yake ikasubiri. Mshale ukitulia, ndipo alipotaja kilo zake kwa sauti. Sijaona fasili bora ya 'ponder' katika kamusi yoyote. Kutafakari unaweza hata ukiwa unatembea, lakini kupima kunakutaka usubiri mshale utulie.

Sisemi 'kutafakari' ni kosa. Mara nyingi ndilo neno linalofaa. Ila pale ambapo mhusika ana jambo hili upande huu na lile upande ule, na lazima moja lizidi, 'kupima' kunalibeba vizuri zaidi.

Muhula uliopita nilitoa zoezi lile lile. Karibu wote waliandika 'alitafakari'. Mmoja tu aliandika 'alipima', nikamwita ofisini kumuuliza amekitoa wapi. Aliingia akiwa na wasiwasi, akadhani amekosea. Akanijibu, "Prof, si nyanya yangu husema hivyo."

Nilimpa alama zote. Zile mbili za zamani bado nazidaiwa.