Kufuli za Tezi Dume

Kabla ya mwaka 1941, mtu aliyepatwa na saratani ya tezi dume, nayo ikawa imekwisha kuingia mifupani, hakuwa na la kutarajia kwa tabibu ila cha kumtulizia maumivu. Na mwaka huo, katika mji wa Chicago, Charles Huggins na mwenziwe Clarence Hodges wakadhihirisha kwamba maradhi hayo hulishwa na homoni ya kiume itokayo korodanini, na kwamba mgonjwa akihasiwa, au akipewa homoni ya kike, aghalabu uvimbe hunywea. Huggins alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1966. Lakini mwanamume kuridhia kuhasiwa ili aongezewe siku za kuishi ni jambo zito, nami siwezi kulipita pasi na kuwahurumia waliolazimika kulichagua.

Faraja ilitoka mahali pasipotazamiwa, yaani chini ya ubongo. Huko New Orleans, Andrew Schally na wenzake walimtafuta mjumbe ambaye kwake ubongo huiamrisha tezi ya pituitari; wakishindana vikali na Roger Guillemin aliyekuwa akimtafuta mjumbe huyo huyo katika bongo za kondoo, walikusanya vipande vya bongo za nguruwe zaidi ya 160,000, wakavikamua na kuvichuja hata wakabakiwa na dutu isiyotimia miligramu moja. Na mwaka 1971 Hisayuki Matsuo akausoma mpangilio wake, nao ni mkufu wa asidi amino 10 tu. Peptidi hiyo ndiyo mjumbe auamrishaye mwili kutoa homoni za uzazi: huifikia tezi ya pituitari, huingia katika vipokezi vyake kama ufunguo katika kufuli, na pituitari nayo huziamsha korodani. Schally na Guillemin wakashiriki Nishani ya Nobel ya mwaka 1977.

Ajabu ni kwamba mjumbe huyo akija kwa vipindi huamsha, bali akidumu mlangoni mchana na usiku, vipokezi hupungua na korodani hunyamaza. Kwa hiyo mwaka 1982 ilitangazwa habari ya wagonjwa waliodungwa peptidi zilizoundwa kwa mfano wake, ambao homoni yao ya kiume ilishuka kana kwamba wamehasiwa, na kisu hakikuwagusa. Baadaye ikabainika kuwa hata chembe za saratani ya tezi dume zenyewe zina vipokezi hivyo.

Peptidi nyingine ilianzia kwa chura. Vittorio Erspamer wa Roma aliipata bombesini katika ngozi ya Bombina bombina, na mwili wa binadamu ukaonekana kuwa na peptidi iliyo ndugu yake. Mwaka 1999, huko Bern, Regula Markwalder na Jean Claude Reubi walipovitafuta vipokezi vya ndugu huyo katika nyama za tezi dume, walivikuta, aghalabu kwa wingi, katika saratani zote 30 walizozipima, na hata katika mabadiliko yanayoitangulia saratani, ilhali tezi nzima iliyo jirani aghalabu ilikuwa navyo haba au haikuwa navyo kabisa. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakizifunga peptidi za jamii hiyo pamoja na madini yenye mnururisho, wazitie mshipani, kisha watazame katika picha ni wapi zimetua.