Kahawa na Kiungulia

Watu wa Mazinde twaipenda kahawa, lakini wako kati yetu wanaoilaumu. Mzee hunywa kikombe cha alfajiri kabla hajatia kitu tumboni, kisha huenda shambani. Na akiinama na jembe lake husikia moto kifuani na uchungu kinywani. Husema, "Kahawa imenichoma." Je, shitaka hili ni la haki? Yafaa tulichungue, maana si shitaka jipya.

Mbuni asili yake ni Uhabeshi. Habari za kuinywa kahawa zajulikana kwanza Yemeni, katika karne ya 15, ambako masufi waliinywa ili wakeshe katika ibada. Mwaka 1511 Khair Beg, liwali wa Maka, aliwakusanya wanavyuoni na waganga. Waganga wakashuhudia kwamba kahawa yadhuru mwili, naye akaipiga marufuku, na buni zikachomwa moto. Lakini marufuku ile haikudumu, wala watu hawakuacha kunywa.

Huku kwetu, Wahaya wa Bukoba walitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa tangu kabla ya Wazungu kuja, wakamkaribisha mgeni kwazo. Na Wadachi, katika miaka ya 1890, walipanda kahawa katika milima ya Usambara, lakini mashamba mengi hayakustawi. Mkonge, ulioletwa na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893, ndio ulioshika nchi ya tambarare. Hivyo Mazinde, mji wa Semboja wa zamani, ukajulikana kwa mkonge, na kahawa tukaijua zaidi kikombeni kuliko shambani.

Sasa turudi kwenye shitaka. Tumbo lina maji makali yaitwayo asidi, nayo husaidia kuyeyusha chakula. Mlangoni mwa tumbo, mwisho wa umio, pana msuli wa duara unaobana kama kamba ya mfuko. Ukilegea, asidi hupanda na kuunguza umio, ndicho kiungulia. Kahawa hulichochea tumbo kutoa asidi zaidi, na kwa watu wengine huulegeza msuli ule. Hata kahawa iliyoondolewa kafeini huweza kufanya hivyo, kwa hiyo kosa si la kafeini peke yake.

Hata hivyo mashahidi hawapatani. Mwaka 2013 wataalamu wa Japani waliwachunguza watu zaidi ya 8,000, wasione kwamba wanywaji wa kahawa waugua zaidi. Lakini mwaka 2020 ilitolewa habari ya wanawake zaidi ya 48,000 wa Marekani: waliokunywa zaidi ya vikombe sita kwa siku walipata kiungulia zaidi kuliko wasiokunywa. Chai na soda nazo zilionekana vivyo hivyo. Tena ilionekana kwamba maji badala ya vikombe viwili vya kahawa hupunguza hatari.

Basi twahukumuje? Twaona kwamba kahawa si mkosaji kwa watu wote, wala haina hatia kwa watu wote. Kipimo ni kitu kikubwa, na miili haifanani. Anayeungua na aiache kwa majuma mawili, kisha airudie kidogo kidogo, akiutazama mwili wake. Akiona nafuu alipoiacha, amempata mkosaji wake. Asipoona nafuu, na atazame mengine: kula kupita kiasi, mafuta mengi, tumbako, pombe, unene, na kulala mara baada ya chakula cha usiku. Mama mwenye mimba naye hupata kiungulia mara nyingi, hata asionje kahawa kamwe.

Na hapa ndipo penye hatari. Waganga wa Maka waliihukumu kahawa upesi. Nasi tukifanya hivyo twaweza kuuacha ugonjwa mwingine ukue kwa siri. Mtu ambaye chakula chamkwama kooni, au atapika damu, au choo chake ni cheusi, au akonda bila sababu, asiseme tena, "Ni kahawa tu." Na aende hospitali siku ile ile. Vilevile maumivu ya kifua yanayobana na kushuka mkononi, pamoja na jasho, huenda yakawa ya moyo, wala hayangoji kesho.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kikombe chaweza kuachwa leo na kurudiwa kesho, lakini siku zilizopotezwa katika ugonjwa hazirudi.