Hoteli, Lojingi na Mahali pa Kufungulia Nira
Huko Bangale, mji mdogo wa wafugaji kaskazini mwa Kaunti ya Tana River, neno hoteli humaanisha kwanza mahali pa kula, ambapo chai ya maziwa hungoja kwenye chupa, ilhali nyumba ya kulaza wasafiri huitwa lojingi. Maana ya pili ya hoteli, yaani malazi ya wenye magari, ilikomaa zaidi milimani: mwaka 1928 Eric Sherbrooke Walker alifungua hoteli ya Outspan mjini Nyeri, jina linalomaanisha kuwafungua ng'ombe nira safari inapokoma, na ambalo, kwa hakika, mfugaji wa Bangale angelielewa upesi. Katika hoteli hiyo ndimo kilimo Paxtu, kijumba cha Robert Baden-Powell, mwasisi wa skauti, alimoishi hadi kifo chake mwaka 1941.